Mlango wa Jikoni kwa Bi Mize

Risala ya Kikundi cha Mlango, Pongwe, kwa mgeni rasmi, Daktari Imakulata, msimamizi wa huduma za utengamao. Inasomwa na katibu wa kikundi, Bibi Ruthi.

Mgeni rasmi, Daktari Imakulata,
Mganga wa zahanati yetu,
Mwenyekiti wa mtaa,
Wakwezi, akina mama, na wote mlioacha shughuli zenu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Kwa waliotuzidi umri, shikamooni.

Mgeni rasmi, katika nyumba moja hapa Pongwe, kabla ya adhana ya alfajiri, kikombe cha bati hugongwa kwa kijiko. Hugongwa mara mbili, polepole, kisha kimya. Anayegonga ni Saleh, ambaye alikuwa mkwezi wa minazi. Anayeamka ni mama yake, Bi Mize. Mara mbili maana yake ni "nigeuze". Bi Mize huingia, humshika mwanawe begani na nyongani, akamlaza kwa ubavu mwingine, akampangia mto katikati ya magoti, akarudi kulala. Baada ya saa mbili kikombe hugongwa tena. Majirani tumeizoea sauti hiyo kama tulivyoizoea mifagio ya asubuhi.

Tumeanza na kikombe kwa sababu ndicho kilichotukusanya, na kwa sababu ombi letu la leo linatoka chumbani humo.

MAKARIBISHO

Karibu sana Pongwe. Wengi waliopo wanakufahamu kwa cheo chako kipya. Sisi tulikufahamu ulipokuwa daktari wa wodi. Tunakumbuka kwamba ulikuwa ukivua saa mkononi kabla ya kumshika mgonjwa, isije ikamkwaruza, na kwamba mgonjwa aliyekuwa akilia ulimsubiri amalize ndipo ukaanza kuuliza maswali. Hukuwa ukijua kwamba tunakuangalia. Tulikuwa tunakaa sakafuni na vikapu vyetu vya uji, na mtu akikaa sakafuni huona mengi.

Kikundi chetu kina watu ishirini na watatu. Wapo wakwezi, wapo wanaouguza watu wao nyumbani, na wapo watatu waliovunjika mgongo wenyewe. Tunakutana barazani hapa zahanati kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kwa nini tunaitwa Kikundi cha Mlango tutaeleza.

TULIVYOANZA

Miaka mitatu iliyopita Saleh alikuwa na miaka ishirini na tisa na hakuna aliyemfikia kwa kukwea. Tena alikuwa mcheshi. Akiwa juu ya mnazi aliona moshi wa kila jiko, basi akawa anatutangazia: fulani leo anapika bada, fulani amechelewa, fulani anaunguza. Siku hiyo alimwita mama yake kutoka juu, akamwambia wali wake unaungua. Bi Mize akakimbilia jikoni. Wali haukuwa unaungua. Alikuwa bado ameshika mwiko, anacheka peke yake, aliposikia kishindo.

Mgeni rasmi, hapa inabidi tukueleze desturi ya wakwezi wa kwetu. Mkwezi hukikata kichala cha nazi nusu, akakiacha kinaning'inia wakati anahamisha mguu kwenye kidato kingine, yaani pengo la kukanyagia lililochongwa mnazini, ndipo hukimalizia. Akiteleza katikati ya kazi, kichala humfuata. Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu, mkwezi akianguka haachwi chini ya mnazi hata kidogo. Aliye karibu humkamata popote anapopafikia akamvuta haraka. Hakuna wa kumlaumu kwa haraka hiyo. Asheri ndiye aliyekuwa chini. Alimkamata Saleh mkono mmoja na mguu mmoja, akamvuta, na kichala kikatua pale pale kilipokuwa kichwa cha Saleh. Asheri alimwokoa maisha. Tunalisema hili mapema kwa sababu Asheri, ambaye leo ndiye mwenyekiti wetu, akilisikia huinuka akatoka nje. Leo tumemwomba akae.

Yaliyofuata ni yetu sote. Hatari ya kichala ilikwisha, lakini haraka yetu haikwisha. Tulimketisha. Tulimmwagia maji usoni. Saleh alisema miguu anaisikia, ila pana moto mgongoni, chini kidogo ya ncha za mabega. Tukasema basi ni mshtuko. Wawili wakamtia mikono kwapani wakamsimamisha, akapiga hatua sita. Tulipiga makofi, mgeni rasmi. Kisha tukampandisha bodaboda, dereva mbele na mtu mwingine nyuma yake kumzuia asianguke, tukampeleka kwa mama yake kupitia njia ya mashimo.

Bi Mize ni mkandaji. Ni mzaliwa wa Pemba, na kazi hiyo alifundishwa na mama yake, pamoja na mafuta ya makonyo ya karafuu ambayo huagiza kwao hadi leo. Wengi wetu tumepita mikononi mwake baada ya uzazi, na watoto wetu baada yetu. Alimwona mwanawe anaingia kwa miguu yake, ameshikwa huku na huku, akamshukuru Mungu, akatandika mkeka, akachemsha maji. Alimkanda siku tatu, asubuhi na jioni. Pale palipovimba alipakanda zaidi, kwa huruma.

Siku ya nne, kabla ya alfajiri, Saleh alimwita. Akamwuliza, "Mama, miguu yangu umeiweka wapi?"

Bi Mize alijua mwanawe ni mtu wa mzaha. Akamjibu kutoka chumbani kwake, "Nimeiuza sokoni, lala."

Mambo mengi ametusimulia, na mengine ameyaacha yapite. Jibu hilo bado analo.

DAKTARI ALIVYOTUELEZA

Hospitalini picha ilionyesha pingili mbili za mgongo wa kifuani zimevunjika, moja imepasuka. Tulisikia maneno hayo hatukuyaelewa. Bi Mize alikuwa amekaa kando ya kitanda na tasbihi mkononi. Wewe, mgeni rasmi, ulivuta stuli ukakaa, ukamwomba ruhusa uishike ile tasbihi, ukasema hata wewe unayo rozari nyumbani, si kitu kigeni kwako. Kisha ukatueleza, na hivi ndivyo tulivyokuelewa. Kama tumekosea utatusahihisha.

Kila ushanga ni pingili, na uzi unaopita katikati ni mshipa mkuu wa fahamu, unaopeleka habari kutoka kichwani hadi miguuni na kuzirudisha. Pingili kumi na mbili ziko nyuma ya kifua, na kila moja imeshikwa na mbavu, kama nguzo za nyumba ya udongo zilivyofungwa fito. Kwa hiyo hazivunjiki kwa urahisi kwa mtu mzima wa afya. Zikivunjika, ujue kishindo kilikuwa kikubwa, na uangalie pia mbavu na mapafu. Na kwa kuwa njia ya ule uzi sehemu hiyo ni nyembamba, kipande kidogo cha mfupa kikisogea kinatosha kuuminya.

Ulituambia kuvunjika hakufanani. Kuna pingili inayobonyea upande wa mbele tu, kama kopo lililokanyagwa. Hiyo mara nyingi hutulia. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu, hufungwa mkanda mgumu wa mgongo, na huinuliwa atembee mapema chini ya uangalizi ili mapafu na misuli visilale. Kuna inayopasuka, vipande vikaenda kila upande, na kuna inayohama kabisa kutoka juu ya mwenzake. Hizo zikiachwa bila kushikwa zinaweza kusogea saa yoyote, na mara nyingi huhitaji kushikiliwa kwa vyuma na skrubu. Mtu anaweza kuanguka akapiga hatua sita na bado pingili yake imepasuka. Hilo ndilo tulilokuwa hatulijui.

Saleh alipelekwa kwenye hospitali kubwa zaidi, akawekewa vyuma viwili na skrubu nane. Vyuma viliushika mfupa. Uzi ulikuwa umeshaminywa, ingawa haukukatika wote. Alirudi nyumbani na mpira wa mkojo, na mpango wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asiote vidonda.

Miezi mitatu baadaye ulikuja Pongwe siku yako ya mapumziko. Hakuna aliyekutuma. Ulikuja na mfuko wa machungwa ya Muheza. Saleh hakukujibu salamu. Alikugeuzia kisogo akautazama ukuta, kichwa tu, maana mwili haukugeuka. Hukumlazimisha. Uliyaacha machungwa juu ya meza, ukaenda kukaa na mama yake jikoni kwenye kibao cha mbuzi, ukamsaidia kukuna nazi. Bi Mize anasema ulikuna vibaya. Lakini ndipo alipopata nguvu ya kukuuliza.

Alikuuliza, "Daktari mwanangu, ni mikono yangu?"

Ukamjibu, "Mama, sijui. Mfupa ulivunjika chini ya mnazi, hilo nalijua. Baadaye aliketishwa, alisimamishwa, alipanda bodaboda, alikandwa. Lipi lililokisogeza kile kipande, au kama uvimbe wenyewe ungefika huko, siwezi kukwambia. Na atakayekwambia anajua atakuwa anakudanganya."

Wengine walikuwa wameshamwambia hapana, si mikono yako, ni kudra. Walisema kwa wema na tunawashukuru. Lakini alikuwa hawaamini. Wewe alikuamini. Akakuuliza basi mikono hii aifanyie nini, na ukamwambia asiache kukanda. Ukamwambia amwulize kila anayekuja: umeanguka? Umebeba kizito? Miguu inakufa ganzi? Mkojo unatoka? Likiwepo mojawapo asiguse, ampeleke zahanati. Kisha ukamwonyesha namna ya kumgeuza mtu mwili wote kwa pamoja kama gogo, bila kuupinda mgongo, ukalala wewe mwenyewe sakafuni jikoni, na gauni lako zuri, ili ajifunzie kwako.

Wiki iliyofuata alimwita Asheri na wakwezi wote nyumbani kwake, akawafundisha. Walipofika mahali pa kumbeba mgonjwa hapakuwa na kitu bapa na kigumu cha kumlaza. Bi Mize akatazama huku na huku, kisha akamwambia Asheri ang'oe mlango wa jikoni. Asheri akadhani ametania. Hakutania. Fundi seremala akautoboa matundu ya kushikia, sita, na hakutaka malipo. Tangu siku hiyo jiko la Bi Mize lina pazia la khanga, na mlango umeegemezwa barazani hapa, nyuma yako, mgeni rasmi. Ukigeuka utauona.

MAFANIKIO

La kwanza ni desturi mpya. Wakwezi wa Pongwe hawakati kichala nusu tena. Ama unakimaliza, ama hukigusi. Kwa hiyo akianguka mtu hakuna kinachomfuata, na hatuna sababu ya kumvuta kwa pupa. Ikitokea lazima avutwe, anavutwa kwa nguo za mabegani, kichwa na mwili vimenyooka pamoja. Vijana walilalamika kwamba kazi itakuwa nzito. Asheri aliwaambia anayeona nzito aje amsaidie kumwogesha Saleh siku moja, halafu warudi kuzungumza uzito. Hawakurudi kuzungumza.

La pili ni Zubeiri, ambaye amekaa mstari wa mbele na shati la bluu. Mwaka jana, baada ya mvua za vuli, kidato kilimtoka Zubeiri akaanguka. Alitaka kuinuka. Asheri akamwekea goti begani akamwambia, "Ukiinuka nitakuvunja mimi," na Zubeiri akatulia kwa hofu ya Asheri zaidi kuliko ya mgongo. Mlango ukaletwa. Walihitajika watu wa kumgeuza kwa pamoja, na mmoja wa kukishika kichwa na kuhesabu, kwa sababu wote humfuata yeye. Tulisimama tukatazamana. Bi Mize alikuwa amefika akiwa na unga mikononi. Akajifuta kwenye khanga, akapiga magoti kichwani kwa Zubeiri, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akahesabu: moja, mbili, tatu. Wakamgeuza, wakamlaza juu ya mlango. Hakukiachia kichwa kile mpaka gari lilipofika, na ndani ya gari alikwenda nacho. Alimwuliza tu kama anavisikia vidole vya miguu, na kila alipojibu ndiyo, alimwambia, "Nitajie na vya mguu wa pili."

Pingili ya Zubeiri ilikuwa imebonyea mbele, haikupasuka. Alivaa mkanda mgumu majuma kumi na mawili. Leo amekuja kwa miguu. Mnazi ameuacha, anauza madafu ambayo wengine wameyaangua, na anawalaumu kila siku kwamba wanachagua mabaya.

La tatu, Bi Mize ameshawarudisha watu kumi na mmoja bila kuwakanda, akawapeleka zahanati. Mmoja wao ni katibu anayesoma mbele yako. Alinyanyua ndoo ya maji akasikia kitu kimekatika katikati ya mgongo, akaenda kwa Bi Mize akandwe. Bi Mize akakataa. Katibu alikasirika, akamwambia anaringa, na kwamba wao wawili ni vikongwe na mgongo wa kikongwe lazima uume. Picha ikaonyesha pingili mbili zimebonyea. Tulijifunza kwamba kwa mwanamke mtu mzima mifupa hupungua uzito ndani kwa ndani, na ndoo moja, au kikohozi, chaweza kufanya kazi ambayo kwa kijana ingefanywa na mnazi. Amepewa dawa, amefundishwa kunyanyua kwa magoti, na vijana wa jirani yake humjazia maji bila kuulizwa. Ametuomba tuandike kwamba alimtaka radhi Bi Mize, na Bi Mize akamwambia hakumsikia vizuri, arudie.

La nne ni Saleh.

Miezi kumi iliyopita ofisi yako ilianza kumtuma hapa Bwana Edgar, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kila Alhamisi. Saleh alimpokea kwa ukuta, kama alivyokupokea wewe. Bwana Edgar hakujali. Alikaa, akanywa chai, akazungumza na Bi Mize habari za bei ya mchele, akaondoka. Alhamisi ya pili vile vile. Ya tatu Saleh, uso bado ukutani, akamwambia kwamba serikali inamlipa bure. Bwana Edgar akamwambia ni kweli, basi amsaidie asionekane mwizi, anyanyue mkono. Kumbe mikono ya Saleh ilikuwa mizima miaka yote hiyo. Mikono iliyokwea minazi thelathini kwa siku ilikuwa imelala juu ya shuka, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba mkono unaweza kufanya kazi ya nyonga.

Siku hizi anamwita Bwana Edgar Hakimu. Akisikia pikipiki yake anasema Hakimu amefika, na akiingia anamwuliza leo amemhukumu pumzi ngapi. Hizo ni pumzi anazosimama katikati ya miti miwili iliyochimbiwa uani, magoti yamefungwa vibao, maana nguvu kidogo imerudi mapajani. Alianza na pumzi mbili. Alhamisi iliyopita alihukumiwa kumi na moja, akakata rufaa, akapunguziwa moja.

Na mwezi uliopita, siku moja, kikombe hakikugongwa. Bi Mize aliamka mwenyewe, akaona kimya kimezidi, akakimbia bila viatu. Alimkuta Saleh amelala kwa ubavu, ameelekea mlangoni, macho wazi, anatoka jasho. Mto ulikuwa katikati ya magoti. Alikuwa amejigeuza peke yake kwa kuvuta kamba ambayo Bwana Edgar aliifunga kitandani. Bi Mize alikaa chini sakafuni hapo hapo. Saleh akamwambia, "Usilie, mama. Leta chai."

Haiwi kila siku. Siku nyingine mwili hukataa na kikombe hugongwa mara mbili kama zamani. Lakini siku za kujigeuza zinazidi.

CHANGAMOTO

Mlango wetu ni mzito. Ni mbao ya zamani, na hata bila mgonjwa unahitaji watu wanne. Wakwezi wakiwa mashambani, akina mama hatuuwezi.

Pia bado wapo watu wanaomwinua aliyeanguka. Si kwamba hawajaambiwa. Mtu akimwona mwenzake chini, mikono yake humtangulia. Tunaendelea kufundisha.

Changamoto kubwa imekuja kwa barua. Tumepokea taarifa kwamba kuanzia mwezi ujao Bwana Edgar hatakuja tena Pongwe, atakaa kliniki ya mjini, na wagonjwa wamfuate huko. Tumeisoma barua hiyo mara nyingi. Imeandikwa kwa adabu, na sababu zake tumezielewa: wataalamu ni wachache na wagonjwa ni wengi. Hatusemi kwamba waliopanga hivyo hawana huruma. Wamepanga wakiwa na karatasi, na Saleh hayumo katika karatasi.

Tuliwahi kumpeleka mjini mara moja, mwezi wa pili mwaka huu. Tulimfunga vizuri kwenye bajaji, tukamwekea magodoro. Alirudi na kidonda makalioni, mahali ambapo yeye mwenyewe hapasikii. Bi Mize alikigundua usiku akimbadilisha. Kilikaa majuma tisa. Majuma hayo yote hakusimama, hakukaa, na pumzi zake zikarudi mbili. Bwana Edgar alianza naye upya na hakumnung'unikia hata neno moja.

Kwa hiyo tunajua safari moja inagharimu nini. Akienda atapata kidonda, asipoenda viungo vitakakamaa. Wapo na wengine wawili kama yeye, mmoja Pongwe hapa na mmoja Mabawa. Lakini tumemwandika Saleh kwa sababu ndiye unayemfahamu.

MAOMBI

Watu wazoefu walitushauri tuombe mambo mengi ili tupate moja. Tumekataa. Tunaomba mawili, na moja ni dogo.

Dogo ni ubao mwepesi wa kubebea majeruhi, wenye mikanda, uwekwe hapa zahanati, ili akina mama wanne waweze kuubeba. Ukipatikana, Bi Mize atarudishiwa mlango wake. Hajauomba. Sisi ndio tunaoona khanga inavyopeperuka mvua ikinyesha.

Kubwa ni Alhamisi. Tunaomba Bwana Edgar aendelee kuja. Kama si kila wiki, basi kwa wiki mbili, na siku zisizo zake tutafanya sisi yale aliyotufundisha. Asheri anajua kufunga vibao vya magoti, Zubeiri anajua kuhesabu pumzi na haibi, Bi Mize anajua kugeuza. Pikipiki ikikosa mafuta, tumekubaliana kumfuata Bwana Edgar njia panda na kumrudisha. Tunachokosa ni jicho la mtu aliyesomea, wa kutuambia hapa endeleeni na hapa acheni. Tulikwisha kufanya kazi kwa mapenzi bila jicho hilo, na wewe unajua ilivyokuwa.

Hatuombi jibu papo hapo. Tunajua una wakubwa wako na taratibu zako.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mungu akulinde njiani na akuzidishie subira, maana kazi yako ni ya kusikiliza watu wanaoomba. Awalipe wote waliotufanyia wema bila kuandikwa: seremala, dereva aliyemchukua Zubeiri mwendo wa taratibu kama amebeba mayai, na vijana wa ndoo.

Tumebakiwa na neno moja, ambalo si la kikundi. Saleh hakuja leo. Jana jioni tulikwenda kumsomea risala hii, kwa sababu jina lake limo na tulitaka ruhusa yake. Alisikiliza yote. Pale pa makofi aliomba parudiwe, akacheka. Palipo na jibu la mama yake la sokoni alisema lisifutwe, ila tuongeze kwamba yeye mwenyewe lilimchekesha siku ile, kabla hajajua. Bi Mize alikuwa mlangoni. Hakuwa amelisikia hilo kabla ya jana.

Kisha akatupa maneno ya kukufikishia, na katibu akayaandika kama alivyoyatamka:

"Mwambieni daktari kwamba alipokuja kwetu nilimgeuzia kisogo, na sikula chungwa lake hata moja. Aje tena. Asilete kitu. Kitanda changu bado kiko ukutani pale pale, lakini safari hii akiingia anipe muda kidogo, nitageuka mwenyewe."

Ni sisi,
Kikundi cha Mlango,
Pongwe, Tanga.